Makopo Mawili ya Mtindi

Jumamosi ile ya mwisho wa mwezi Ursula aliingia supamaketi ya Rogath saa nne na nusu asubuhi, karatasi ya vitu saba mkononi, akijua kwamba ikifika saa tano lazima awe ndani ya bajaji anarudi nyumbani Maisaka. Kesho yake binti yake alikuwa anapata kipaimara. Wanawake wa jikoni walikuwa wameshawasha moto, wanasubiri mchele na mafuta, na dada yake alikuwa ameshampigia simu mara mbili kumuuliza kama amelala njiani.

Vitu vyenyewe alivipata kwa dakika kumi. Kazi ikawa kutoka.

Supamaketi ile ilikuwa na kaunta tatu. Ilipofunguliwa, kila kaunta ilikuwa na msichana wake mwenye fulana nyekundu na tabasamu. Sasa moja ilikuwa imepangwa katoni za biskuti hadi usawa wa kichwa, nyingine imefunikwa turubai na juu ya turubai amelala paka. Rogath hakuamini keshia zaidi ya mmoja. Alikuwa akisema bila aibu kwamba keshia wawili ni wezi wawili. Basi alibaki Jacqueline peke yake na mashine ya risiti iliyokuwa ikikwama kila baada ya wateja watatu. Ikikwama, Jacqueline aliipiga kofi ubavuni, kisha akakaa anaitazama, na watu wote wakakaa wanamtazama yeye.

Foleni ilianza kaunta, ikapita kwenye sabuni, ikakata kona kwenye madaftari, ikaishia kwenye mafriza huko nyuma. Ursula akasimama mwisho kabisa.

Mbele yake alikuwa bibi mmoja mfupi, kitenge kimefungwa kiunoni juu ya gauni, mkononi ameshika makopo mawili ya mtindi kama mtu aliyebeba mayai.

"Shikamoo bibi," Ursula alisema.

"Marahaba mama. Karibu tuteseke."

Bibi Hadija alikuwa ametoka kijijini Sigino tangu saa mbili. Kiswahili chake kilikuwa kizito, cha mtu aliyekua akizungumza Kigorowa, lakini hakikukosa utani. Mzee wake alikuwa ametoka hospitali siku nne zilizopita, mdomo una vidonda, hawezi kula kitu. "Maziwa ya nyumbani hataki. Alionjeshwa huu wa kopo na mgonjwa wa kitanda cha jirani, basi kila siku ni huo tu. Mtu mzima anadeka kama mjukuu."

Ursula akacheka. Ndicho kicheko pekee alichokipata mle ndani. Naye akamweleza habari za kipaimara cha kesho.

Dakika ishirini zikapita, wakasogea hatua nne. Mwanamume mwenye tumbo kubwa aliyekuwa nyuma yake hakujua kusimama bila kumwegemea mtu. Kila alipopumua, pumzi yake ya vitunguu ilimpiga Ursula shingoni. Mkononi alikuwa na sambusa, anakula, na alipomaliza akafuta vidole kwenye mifuko ya unga iliyopangwa pembeni, kimoja kimoja, bila haraka. Akaja mwingine na chupa ya soda: "Naomba nipite, nina kitu kimoja tu." Akapita. Akaja wa pili naye ana kitu kimoja, nyuma yake mkewe ana kitu kimoja, na shemeji yao ana viwili. Mbele kidogo palikuwa na kikapu sakafuni, hakina mtu. Watu walikuwa wanakisukuma kwa mguu kila foleni iliposogea, kwa adabu, kama ni mwenzao. Mwenye kikapu akaja baada ya nusu saa, nywele zimesukwa upya, zinanukia mafuta ya saluni, akajipenyeza katikati ya watu. "Mimi nilikuwepo hapa. Si mnaona kikapu changu?"

Wote walikunja nyuso, wakatazama simu. Ursula naye akatazama yake. Aliuchukia ule ukimya kuliko hata yule mwenye nywele.

Sasa, Ursula alikuwa bibi afya. Miaka kumi na minne alikuwa akiingia mabucha, mahoteli na maduka ya mji ule akiwa na koti jeupe na kitabu cha fomu. Siku hiyo alikuwa na kanga na kandambili, kichwani kilemba, na hakuna aliyekuwa amemtambua. Lakini macho hayaendi likizo. Mtu akisimamishwa mahali pamoja karibu saa nzima, lazima ataona vitu.

Aliona friza iliyokuwa kando yake haingurumi. Ndani yake kuku walikuwa wameshikana, barafu iliyowazunguka ni ya rangi ya kahawia, damu iliyoyeyuka ikaganda tena, labda mara tatu, labda zaidi. Mtu alikuwa anaizima na kuiwasha ili kubana umeme. Chini ya friza kulikuwa na maji yenye utando, na foleni nzima ilikuwa inayakanyaga na kuyasambaza. Kisha akaona friji ya vioo yenye mtindi. Mifuniko ilikuwa imevimba kama mashavu ya mtu anayepuliza moto. Akanyoosha mkono akachukua kopo moja. Tarehe ilikuwa imesuguliwa ikabaki ukungu, na juu yake imebandikwa karatasi nyingine, imepinda.

Akarudisha kopo. Mate yakamjaa mdomoni, yale ya kabla ya kutapika. Akayatazama makopo mawili mikononi mwa Bibi Hadija. Yalikuwa ya rafu ileile.

Akafungua mdomo aseme. Wakati huohuo mkono ukamshika kiwiko.

"Bibi afya wetu! Dada Ursula! Yaani wewe unasimama foleni na hawa?"

Alikuwa Rogath mwenyewe, shati limenyooshwa, jasho limemtoka puani. Ursula aliona macho yake yanatoka kwake, yanakwenda kwenye friji ya mtindi, yanarudi. Alikuwa amemwona akishika kopo.

"Hapana, niache tu, zamu yangu itafika," Ursula alisema, lakini alisema kwa sauti ya mtu anayekataa chai huku anavuta kiti.

"Itafika saa ngapi? Lete kikapu." Kikapu kilikuwa kimeshahamia kwake.

Ursula akageuka. Bibi Hadija alikuwa anamtazama bila kinyongo chochote. "Nenda mama," alisema. "Wewe una shughuli ya mtoto kesho. Nenda."

Angeweza kusema pale. Maneno yalikuwa mafupi: bibi, mtindi huo umeharibika. Lakini kusema kulikuwa na maana ya kuanzisha zogo, na zogo lingekula saa nzima nyingine, na miguu ilikuwa inawaka, na mchele ulikuwa unasubiriwa. Akaenda. Akapita madaftari, akapita sabuni, watu wakibana mabega kumpisha. Mtu mmoja akasonya kwa sauti ndefu. Jacqueline alimhudumia bila kuinua uso. Rogath akatia makopo mawili ya juisi ndani ya mfuko wake. "Ya watoto," alisema. Ursula hakuyatoa.

Nje, barazani, hewa ilikuwa nzuri na yeye hakuiona. Sele, dereva wa bajaji aliyezoea kumbeba, alishuka akamsaidia kupakia. Ursula akainua mguu apande, mguu ukagoma. Kichefuchefu kilikuwa bado kooni, ila sasa hakikutoka kwenye kuku wala mtindi. Alijiona kama yule mwanamume wa sambusa, ameshajifuta vidole na sasa anaondoka.

"Sele, peleka vitu hivi nyumbani, umpe dada yangu. Mwambie naja."

"Unabaki kufanya nini?"

"Namsubiri mtu."

Alisubiri dakika arobaini na tano. Dada yake akapiga simu mara tatu, Ursula akaiacha iite. Bibi Hadija alipotoka alikuwa anachechemea, mfuko mdogo umening'inia mkononi, na alipomwona Ursula akafurahi kweli.

"Bado upo? Si ulikuwa na haraka?"

"Bibi, huo mtindi usimpe mzee. Umeoza. Tarehe wameibandika ya uongo."

Bibi Hadija akaufungua mfuko, akatazama makopo, akamtazama Ursula. Furaha ikatoka usoni taratibu.

"Umejuaje?"

"Ni kazi yangu kujua."

"Ulijua tukiwa ndani?"

Ursula alitamani mno kusema hapana. "Nilijua."

Bibi akaufunga mfuko. Bodaboda zikapita, vumbi likawapata. Mwishowe akasema, "Mimi nimesimama mle mpaka kiuno kimekufa. Ungeniambia ningekaa chini."

Ursula aliona afadhali angemtukana.

Wakarudi ndani wote wawili. Mlinzi akawaambia mwenye kurudisha kitu naye anapanga foleni, ndiyo utaratibu. Ursula akamketisha bibi kwenye kreti la soda karibu na mlango, akachukua makopo, akaenda kusimama mwisho, palepale kwenye maji yenye utando. Rogath alimwona. Akaja mbio, akanong'ona, "Dada, twende ofisini." Ursula akatikisa kichwa. Akaja tena. "Dada, mimi na wewe hatuna neno, mbona unanidhalilisha?" Ursula akatazama mbele. Alisimama saa moja kasoro kidogo, na safari hii kila aliyeomba kupita na kitu kimoja alimwambia, "Hapana, na mimi nina viwili." Wawili walimtukana.

Alipofika kaunta aliweka makopo mbele ya Jacqueline, akang'oa mfuniko wa moja. Ulitoa sauti kama chupa ya soda. Harufu ikapanda, chachu na kitu kama soksi iliyoloa, na Jacqueline akarudi nyuma na kiti chake, kiganja puani.

"Jamani," Ursula alisema, akigeuka. "Mimi ni afisa afya. Mtindi wa dukani humu umeharibika, na kuku wa friza ile wameyeyuka wakagandishwa tena. Msinunue. Na mimi ndiye niliyepitishwa mbele ya foleni asubuhi, nikajua, nikanyamaza."

Alidhani watu watashtuka. Alidhani hata kikapu kimoja kitawekwa chini.

"Mama, umemaliza?" sauti ikatoka kwenye sabuni.

"Tunachelewa sisi!"

"Mambo ya serikali si Jumatatu? Tupisheni tulipe."

Mwanamke aliyefuata kwenye foleni alikuwa na kuku wawili kikapuni, chini yao maji mekundu yameshaanza kujikusanya. Aliwatazama, akasita. Akatazama foleni nyuma yake, urefu wake wote. Kisha akawapandisha kaunta. "Nitawachemsha sana," alisema, bila kumwambia mtu yeyote.

Ursula akamshika mkono. "Dada, usiwapeleke nyumbani."

"Niache! Nimesimama hapa saa nzima, nikaanze wapi tena?"

Rogath akaona amepata upenyo. "Mnaona? Wateja wangu wananijua." Akamrudishia bibi fedha yake kutoka mfukoni mwake mwenyewe, haraka haraka, akitabasamu kwa meno yote, kama mtu anayetoa sadaka mbele ya padri. Bibi Hadija akaipokea kwa ncha za vidole.

Ursula alipiga simu kwa mkuu wake, Elimringi, palepale mbele ya kaunta, akaongea kwa sauti ili Rogath asikie kila neno. Elimringi alikuwa shambani Bonga. Alikuja saa nane, matope kwenye viatu, akatazama friza kwa dakika mbili tu, akaweka lakiri kwenye friza na kwenye friji. Kabla hajafika, kuku kumi na mmoja walikuwa wameshauzwa. Ursula alisimama pembeni akiwaona wakipita kaunta mmoja mmoja, na hakuwa na fomu, wala koti, wala mdomo uliosikika.

Bibi Hadija alikuwa ameshaondoka. Ursula alikuwa ameomba ambebee mfuko hadi kituoni, bibi akasema hana mzigo. Alikuwa ameomba amtafutie mtindi mzuri duka jingine, bibi akasema mzee atakunywa uji. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anavyomjibu mgeni.

Kipaimara kilikwenda salama. Wageni walikula wakashiba, na zile juisi mbili Ursula alizikuta mezani, watoto wameshazifungua. Hakuweza kuwanyang'anya. Alikaa akiwatazama wanakunywa.

Jumatatu aliandika ripoti kurasa mbili. Mwishoni akaandika kwamba siku ya tukio alikubali kupitishwa foleni na mwenye duka, na kupokea juisi. Elimringi alisoma akiwa amesimama, akafika hapo, akaketi.

"Hii ya mwisho iondoe."

"Ndivyo ilivyokuwa, mkuu."

"Ursula, kila mtu hupitishwa. Mimi napitishwa benki, napitishwa kituo cha mafuta. Ukiandika hivi, kesho nani ataingia duka gani?"

Ursula hakuiondoa. Elimringi akachukua rula na kalamu, akachora mstari mmoja ulionyooka juu ya sentensi ile, akasaini chini yake.

Mchana wake walikwenda kumwaga mtindi. Lilikuwa shimo nje ya mji, na vibarua wawili walitoboa makopo kwa panga, wakamimina. Nzi walifika kabla ya kopo la tatu. Rogath alisimama mbali na leso puani, akilalamika kwamba anaonewa, kwamba wenzake wote wanauza hivyohivyo. Ursula alikuwa na koti jeupe, glovu na kitabu cha fomu. Alisogea hadi ukingoni, akasimama hapo bila kuziba pua mpaka kopo la mwisho likamwagwa na vibarua wakaanza kurudishia udongo.