Pudini za Kwenye Simu

Jumapili moja ya Novemba, saa saba kasoro kidogo mchana, Hattie Oldroyd alikuwa amechuchumaa ndani ya kibanda cha makaa nyuma ya nyumba yao mjini Otley, kaskazini mwa Uingereza, begi la shule magotini, akijiandaa kuifanyia familia yake hisani kubwa kuliko zote: kurudi nyumbani moja kwa moja.

Alikuwa na miaka kumi na mitano na alikuwa ametoroka shule. Hakutoroka kihuni, kwa kuruka ukuta. Alipita lango kuu baada ya ibada, akimpungia mkono mtunza bustani kama mtu anayekwenda kuwajulia hali wagonjwa. Kitandani mwake bwenini aliacha sanamu ya mifupa kutoka maabara, imefunikwa blanketi mpaka utosini, na juu ya mto karatasi yenye maneno: “Naumwa kichwa. Nisiamshwe.” Kisha akapanda basi, na basi jingine, na njia nzima hakuwaza kitu ila nyama.

Si nyama yoyote. Nyama ya Jumapili: mnofu wa ng'ombe uliookwa asubuhi nzima mpaka madirisha ya jikoni yatoe jasho, viazi vilivyoiva ndani ya mafuta yake, karoti, kabichi ndogo ndogo ambazo hakuna aliyezipenda na hakuna aliyethubutu kuziacha. Na kabla ya hayo yote, pudini. Pudini za kwao hazina sukari. Ni unga, mayai na maziwa, unamimina kwenye bati lenye mafuta yanayofuka moshi, zinaumuka zikawa kama vikombe vya dhahabu, nawe unazila kwanza, peke yake, kwa mchuzi. Mgeni akizichanganya na nyama kwenye sahani moja, Bibi Marjorie hakumkemea. Alimuuliza tu, kwa upole, kama wazazi wake wanatoka kusini.

Hattie alipopata nafasi ya ufadhili katika shule ile ya bweni ng'ambo ya vilima, alikubali kwenda kwa sharti moja, alilolitangaza akiwa amesimama juu ya kiti. Chakula cha Jumapili kisikatishwe hata wiki moja, na kiti chake kibaki mezani.

“Siku mtakayoacha,” alisema, “ndiyo siku nitakayorudi.”

Baba yake, Clive, fundi wa mabomba, akaapa mkono juu ya kopo la haradali. Bibi Marjorie, mama yake Clive, akaapa pia. Mama yake Hattie hakuwepo wa kuapa. Aliishi Hispania na fundi wa mabwawa ya kuogelea, na alituma kadi kila Krismasi, mara nyingine Januari.

Kiapo kilishikwa. Kila Jumapili saa saba, shule ilipowarudishia wanafunzi simu zao kwa muda, Hattie alipiga nyumbani na Clive akamtangazia mlo kama mtu anayetangaza mpira. Hizo taarifa ndizo zilizomponza. Huku sikioni viazi vinalia kwenye mafuta, huku mbele yake sahani ya shule ina kipande cha nyama chenye rangi ya mvua. Wiki baada ya wiki kipande hicho kikazidi kugoma kupita. Mwishowe akaamua kwamba mtu mwenye meza kama ile kwao hana sababu ya kuishi kwingine.

Mpango wake ulikuwa safi. Angepiga simu akiwa kibandani, asikilize taarifa mpaka baba yake aseme, kama alivyosema kila wiki, “Kinachokosekana hapa ni wewe tu.” Hapo angefungua mlango wa jikoni.

Akabonyeza namba kwenye simu yake, aliyokuwa ameichopoa mapema kabatini kwa mlezi wa bweni, akachungulia kwenye ufa wa mlango wa kibanda. Dirisha la jikoni lilikuwa ng'ambo ya ua, hatua chache tu. Halikuwa na jasho hata tone.

Ndani, meza ya chakula ilikuwa imefunikwa yote na picha ya kupanga vipande vipande, ya kanisa fulani kubwa, lililobakiza mnara. Clive alikuwa amekaa kando na sahani mapajani: mkate wa kubanika na maharagwe ya kopo. Bibi Marjorie alikuwa na sahani kama hiyo hiyo, amevaa soksi za Clive.

Simu ikalia. Clive akafuta mdomo kwa mkono, akaiweka simu juu ya kopo la sukari, na sauti yake ikanenepa.

“Haloo! Malkia wa kaskazini!”

“Shikamoo, baba. Huko vipi?”

“Marahaba. Huku? Huku ni vita, mwanangu. Bibi yako ameleta mnofu mkubwa kama kiti cha basi. Sijui tutaumaliza na nani.”

Bibi Marjorie, bila kuambiwa, alikwisha kuinuka. Akaweka kikaango kikavu juu ya moto, akasubiri kidogo, akachovya vidole kwenye maji na kukirushia.

Chaaa!

“Umesikia hivyo viazi?” akauliza Clive.

“Nimesikia,” akasema Hattie, ambaye alikuwa anaona.

Bibi akachukua kisu kirefu cha nyama na chuma cha kunolea, akavisugua karibu na simu, shwii, shwii, kama mchinjaji siku ya harusi. Kisha akaketi na kuchota kijiko cha maharagwe. Clive akageuka kuelekea oveni iliyozimwa na kupiga kelele:

“Mama! Usifungue mlango wa oveni! Pudini zitalala!”

“Nani anafungua?” akajibu Bibi kwa hasira kuu, mdomo umejaa. “Nilipika hizi kabla hujazaliwa, wewe, na huenda ningebaki na pudini tu!”

Kila Jumapili Hattie alikuwa ameyasikia mabishano hayo, neno kwa neno. Aliyapenda kuliko kitu chochote. Sasa alibaki ameshika simu, uso unawaka. Kudanganywa kunauma. Lakini yeye alikuwa tapeli anayeheshimika shule nzima, mtu aliyewahi kuwafanya walimu wawili wafunge ndoa ya uongo kwenye ubao wa matangazo, na sasa alikuwa amepigwa chenga na fundi wa mabomba na bibi kizee mwenye soksi za kiume. Hapo panauma mara mbili.

Akawa mkali.

“Baba, nitumie picha ya pudini.”

Kijiko cha Bibi kikasimama hewani.

“Picha?”

“Moja tu. Nimewaambia wenzangu, hawaamini.”

“Ndiyo, ndiyo. Ngoja nitafute kamera.”

“Kamera si iko kwenye hiyo simu?”

“Eeh, hiyo hiyo. Natafuta… mwanga.”

Akaitumbukiza simu kwenye mfuko wa shati bila kuikata, akafungua mlango wa nyuma na kutoka nje kwenye mvua na ndala zake. Hattie akajibana kwenye makaa. Clive akapita karibu naye kiasi cha kugusika, akasimama kwenye ukuta wa jirani.

“Brenda! We Brenda!”

Dirisha la jirani likafunguka. Bi Brenda akatoa kichwa chenye vibano vya nywele.

“Nyumba inaungua?”

“Una pudini?”

“Nina nini?”

“Pudini. Moja tu. Ya kupiga picha.”

“Clive, umelewa mchana huu? Mimi leo nina tambi za pakiti. Nani bado anapika mambo hayo mtaa huu? Muulize Geoff.”

“Geoff yuko baa.”

“Basi si unaona! Watu wote wanakula baa. Nenda ukapange foleni, ukifika mbele watoto wake Hattie watakuwa wameoa.” Akafunga dirisha.

Bibi Marjorie alikuwa amefika mlangoni, amejifunika taulo la vyombo kichwani.

“Mwambie ukweli, Clive.”

“Nikimwambia ukweli, kesho yuko hapa na begi. Unamjua. Alisema tukiacha, anarudi.”

“Basi tungepika.”

“Si tulipika, Mama? Jumapili mbili za kwanza. Si ulikuwepo?”

“Nilikuwepo. Uliweka sahani tatu. Ukakiangalia kile kiti, ukadondosha machozi kwenye mchuzi.”

“Kilikuwa kitunguu.”

“Clive, mchuzi ule haukuwa na kitunguu.”

Hattie aliyasikia maneno hayo mara mbili: sikio moja kutoka uani, sikio la pili kutoka mfuko wa shati la baba yake. Hasira aliyokuwa nayo muda mfupi uliopita akaitafuta, asiione ilikokwenda.

“Mtoto ana akili,” akasema Clive, sasa kwa sauti ndogo. “Hapa atajifunza nini kwangu, kuzibua sinki? Akae shule. Mimi nitadanganya mpaka amalize.”

Hattie akanyanyua simu mdomoni.

“Baba,” akasema, “geuka.”

Clive akashika mfuko kwanza. Kisha akageuka. Kutoka kibandani alikuwa anatoka kiumbe mweusi kuanzia pua mpaka soksi, amebeba begi.

Bibi Marjorie ndiye aliyepata neno mapema.

“Ufadhili wenyewe ni wa kuchimba makaa?”

“Nimetoroka,” akasema Hattie.

“Kwa sababu gani?” akauliza Clive.

“Kwa sababu ya pudini.”

Wakatazamana watatu mvuani.

“Hakuna pudini,” akasema Clive, na cheko likamtoka kwa kukoroma, Bibi akalidaka, na Hattie, aliyekuwa ameazimia kulia, akashindwa kukipatia kilio mahali pa kuanzia.

Bibi alisema watu waliolowa hawajadiliani mambo mazito wakiwa na njaa. Friji ilifunguliwa. Nyama ya ng'ombe haikuwepo; kulikuwa na soseji, mayai, maziwa, na kabichi ndogo ndogo zilizojitokeza zenyewe kama kawaida yake. Kanisa la vipande likabebwa pamoja na ubao wake na kuwekwa juu ya kochi, likaangusha madhabahu njiani. Hattie akanawa, akapiga unga na mayai. Clive akaomba akate kitunguu cha mchuzi yeye mwenyewe, na hakuna aliyemuuliza kwa nini.

Bati likaingia ovenini. Bibi akamwelekezea Clive kijiko.

“Usifungue mlango.”

“Mimi?”

“Wewe. Nakujua.”

Wakageuka wote wawili kubishana, na Hattie, aliyesubiri miezi mizima kuziona zikiumuka, akafungua mlango wa oveni kidogo tu, upana wa jicho moja, azione.

Pudini zikashusha pumzi zote kwa pamoja.

Bibi Marjorie akainama kuzitazama kwa muda mrefu. “Kofia za maaskofu,” akatoa hukumu, “zilizokaliwa na maaskofu.”

Walizila kwanza, peke yake, kwa mchuzi. Zilikuwa ngumu pembeni na mbichi kidogo katikati, na hazikubaki. Zamu ya soseji ilipofika, simu ya Clive ikalia. Akasikiliza, nyusi zikapanda, akaziba simu kwa kiganja.

“Ni mlezi wa bweni. Anasema alimpelekea mgonjwa supu.”

“Akaionaje hali yake?” akauliza Bibi.

“Anasema amekonda sana.”

Hattie akajiinamia mezani. Adhabu ilitajwa: kufuta viti vyote vya kanisani kila Jumamosi mpaka Krismasi, kama anarudi. Clive akasema atampigia baadaye, akakata.

“Hiyo mifupa uliipandishaje ngazi peke yako?”

“Si peke yangu. Ottilie alishika miguu.”

“Ottilie ndiye nani?”

Ikabidi aeleze Ottilie ni nani. Na ukimweleza Ottilie huwezi kuacha siku waliyoivika mifupa joho la kwaya, kasisi akaisimamia na kuiambia iimbe kwa sauti zaidi. Ukifika kwa kasisi lazima umtaje mwalimu wa kemia, ambaye alipata habari, akacheka mpaka akavua miwani, kisha akamwazima Hattie kitabu chake mwenyewe kuhusu milipuko midogo. Soseji zikapoa. Bibi alikuwa anajifuta macho kwa taulo la vyombo. Clive alikuwa ameacha kula, anamwangalia tu binti yake anavyozungumza kwa mikono miwili.

“Kwa mtu anayeichukia shule,” akasema, “unaitaja sana.”

Hattie akairudisha mikono yote miwili mapajani.

“Mimi sikufukuzi,” akasema Clive. “Ukitaka kubaki, baki. Nitapika kila Jumapili. Na aproni nitavaa.”

“Ile yenye maua?” akauliza Bibi.

“Yenye maua.”

Lilikuwa pendekezo zito, maana aproni ile ilikuwa mbaya sana. Hattie akalitafakari. Akatazama kiti alichokalia, meza, mchuzi uliobaki. Mara akamwona Ottilie katikati ya ngazi, kakumbatia miguu ya mifupa, anaangalia juu kungoja mwenzake.

“Nani atashika kichwa?” akauliza.

“Ndilo swali lenyewe,” akasema Bibi Marjorie, akamsogezea kabichi ndogo ndogo zilizobaki. “Maliza hizo. Baba yako atakurudisha na gari la kazi.”

Jumapili iliyofuata, saa saba, mikono ya Hattie bado inanuka nta ya viti vya kanisa, alipiga nyumbani.

“Malkia wa kaskazini!”

“Shikamoo, baba. Leo kuna nini?”

“Maharagwe,” akatangaza Clive, kwa fahari ya mtu aliyeoka ng'ombe mzima. “Juu ya mkate.”

“Yameumuka?”

“Mpaka dari. Hatukufungua mlango.”

“Na kanisa?”

“Mnara umekwisha. Madhabahu bado tunayatafuta chini ya kochi.”

Hattie akaichoma kwa uma nyama yake yenye rangi ya mvua, akaikata, akaweka kipande mdomoni. Kikapita.

“Baba, mwambie Bibi anipigie kikaango.”

Akasikia kiti kikisukumwa, na soksi za kiume zikiburuza sakafuni bila haraka. Akabana simu sikioni, akasubiri kipate moto.

Chaaa!