Kamba Isiyokatwa Ncha

Usiku wa jana niliota mama yangu yuko angani, amefungwa mikanda chini ya parachuti jekundu, anavutwa na boti. Safari hiyo ilikuwa zawadi yangu kwake, kwa kunisomesha. Mimi nimo ndani ya boti.

Nahodha Shekue anaendesha, anatazama mbele. Kanuni inataka awepo mwingine wa kutazama nyuma, kwa hiyo msaidizi wake, Tabu, uso wake uko kisogoni. Anakula muhogo wa kukaanga, kwa taabu kidogo.

"Mama yako anapunga mkono," akasema.

"Anafurahi?"

"Anauliza kama umezima jiko."

Kamba ikakohoa.

"Samahani, binti," ikaniambia. "Hapa kwenye fundo nimechakaa. Kila siku ncha hii hukatwa, nikafungwa upya penye uzima. Leo hawakunikata."

Nikamtazama nahodha.

"Wateja walikuwa wengi," akasema. "Na kamba hii ina malalamiko sana."

"Sijalalamika," kamba ikajibu. "Nimetoa taarifa."

Kanuni inasema pia upepo upimwe kabla mtu hajaruka. Nikauliza kama ulipimwa. Hapo hapo boti ikawa kliniki ya watoto. Muuguzi anauvisha upepo kile kisuruali cha kupimia, anauning'iniza kwenye mizani. Upepo unalia, unarusha miguu.

"Umezidi," akasema muuguzi. "Mnaulisha nini?"

"Bahari," nikajibu.

"Basi leo hakuna kuruka."

"Mama yuko juu tayari."

Akaniangalia jinsi wanavyowaangalia waliochelewesha chanjo.

Nje ya dirisha la kliniki naiona kamba. Nyuzi zake zinaachia, mmoja mmoja. Naruka dirishani, naangukia ndani ya boti. Nahodha keshaikimbilia mashine ya kukunjia kamba.

"Pole pole, Shekue," kamba ikamwambia. "Ukinivuta kwa pupa nitamwachia mama wa watu."

Tabu, macho juu, anamwongoza. "Punguza. Bado. Punguza tena, baba."

Parachuti linayumba. Mama anashuka, anapanda, anashuka. Nimeishika kamba kwa mikono miwili, kana kwamba nitaisaidia.

"Utaweza?" nikaiuliza.

"Nitamshika mpaka akanyage ubao. Baada ya hapo usinitegemee."

Mama akakanyaga ubao wa boti. Tabu akamdaka, akamfungua mikanda. Ndipo kamba ikakatika, bila kelele, ikateleza majini, ikazama. Nilikuwa nimefungua mdomo. Sikuwahi kusema neno.

Nikaamka. Kumeshakucha. Mama yuko jikoni anachuja chai, kwa mkono mmoja anajisugua paja, pale mkanda unapopita. Hakugeuka.

"Ile kamba," akasema, "uliwahi kuishukuru, au ndiyo imekwenda hivyo hivyo?"