Spidimita ya Osborn

Wanaume wenye majivuno nimewaona wengi, mimi Mama Asekenye, au Toto kama wanavyoniita hapa, maana hoteli yangu iko Majanji, ufuoni mwa ziwa, pale malori ya samaki yanapogeuzia, na hakuna mwenye majivuno anayefika Majanji asinywe chai kwangu. Lakini Osborn Okumu alikuwa wa peke yake. Alishuka kwenye lori kutoka Busia amevaa ovaroli jeupe. Jeupe, mahali ambapo hata mbwa wananuka samaki wa ngege. Mfukoni kalamu tatu, na kwa siku zote alizokaa sikumwona akiandika hata herufi moja.

Nayasema haya nikijua vizuri kwamba aliyemwita ni mimi.

Mwaka ule wa 1965 ulitimia mwaka mmoja tangu tumzike Patroba, yule Msamia mwenye boti la injini. Boti lenyewe lilikuwa la mbao, la Mzungu mmoja wa pamba kule Tororo ambaye wakati wa uhuru aliuza vitu vyake mbiombio akaenda kwao. Patroba alibeba nalo samaki na watu kutoka kisiwa cha Sigulu. Alipokufa, likavutwa juu mchangani likakaa. Panya wakahamia kwenye dashibodi, wakatafuna nyaya, na zile saa zake, ya mafuta, ya joto, ya chaji, zikashika kutu. Mjane wake Felistus akabaki na watoto wanne na boti bubu.

Sasa msikie Wesonga, ndugu ya marehemu. Huyu hakuwahi kukanyaga ndani ya boti lile hata siku moja, kwa sababu anaogopa maji kama paka. Lakini udongo wa kaburi ulikuwa haujakauka, tayari anajua injini itamfaa nani: mwenye kinu cha unga huko Buhehe. Maneno yakazungushwa mwaka mzima mpaka wazee wa ukoo wakachoka. Wakasema, Jumamosi ya kumkumbuka Patroba, jamaa wa Sigulu lazima waje. Boti likienda kuwachukua, ni la Felistus na watoto wake. Lisipokwenda, hilo si boti tena, ni chuma, na chuma Wesonga akichukue.

Felistus akaja hotelini kwangu, watu wamejaa mpaka mlangoni, akauliza kama namjua fundi wa umeme. Mimi na mdomo wangu huu nikasema, yuko mmoja Busia, upande wa Kenya, madereva wa malori wanamsifu sana. Wanamsifu madereva wa malori. Hapo ningejiuliza, lakini nilikuwa nakaanga mandazi.

Osborn akapanda botini, akang'oa dashibodi, akachungulia nyuma yake, akacheka.

"Huyu Mzungu alikuwa mjinga," akatuambia sisi tuliokuja kutazama. "Kila saa nyaya mbili. Kila taa nyaya mbili. Lori zima la tani saba kila kitu kina waya mmoja, na linafika Mombasa."

Felistus alikuwa amesimama chini mchangani, ameshika ukingo wa boti. "Huo wa pili marehemu alisema ndio unaorudisha moto kwenye betri."

"Moto unarudi kwa bodi, mama. Inaitwa athi. Mimi nimefanya kazi Nairobi."

"Kwa bodi ipi?"

Osborn akatugeukia kama mwalimu aliyepata mtoto wa kuchekesha darasa. "Anauliza bodi ipi."

Tukacheka. Wote tukacheka, na mimi nikacheka kuliko wote, sinia la vikombe likitetemeka mkononi. Felistus akainama. Alianza kuokota zile nyaya za zamani ambazo Osborn alikuwa anazitupa nje moja moja, akaenda kuzifunga pamoja nyuma ya nyumba zikawa kamba ya kuanikia nguo. Waya mmoja tu haukutupwa, ule mnene wa betri, mnene kama kidole gumba. Nilimwona Osborn akiukunja na kuutia kwenye mkoba wake. Shaba nzuri, na nilidhani nimeona peke yangu. Nikanyamaza, maana fundi alikuwa mgeni wangu, na mgeni wa mtu ni aibu ya mtu.

Siku nne alifanya kazi. Alileta betri yenye chaji, akaleta saa mpya kutoka kwenye lori lililopinduka njiani, akazipanga kwenye ubao mpya uliopigwa vanishi. Alileta swichi ya indiketa, kushoto na kulia. Amwoneshe nani huko ziwani, kiboko? Na katikati, kubwa kama sahani, akaweka spidimita. Ya lori. Inayosoma maili kwa magurudumu. Mzee mmoja wa nyavu akamuuliza, "Fundi, gurudumu liko wapi?"

"Hii ni ya kisasa, mzee," Osborn akasema, akaipangusa kwa leso.

Kila saa aliijaribu kwanza. Anaipeleka kwenye lori la samaki, anaigusisha mgongo wake kwenye bampa, anaunga waya mmoja, mshale unaruka. Watu wanashangilia. Lakini botini hakujaribu kitu. Alisema atawasha Jumamosi mbele ya watu wote. Alitaka kushangiliwa, na sisi tulikuwa tayari.

Jumamosi ikafika. Watu wamevaa nguo za kanisani, boti limesukumwa majini, sufuria zangu za wali ziko motoni. Wesonga akaja na wanaume wawili na mti mrefu, umechongwa vizuri, wa kubebea injini begani. Mtu anakuja kumkumbuka ndugu yake na mti wa kubebea injini.

Osborn akaketi mbele ya dashibodi yake, akatutazama, akageuza ufunguo.

Kimya. Si taa, si mshale, si kukohoa kwa injini. Akageuza tena. Akapiga betri ngumi. Akalaumu betri. Akalaumu mafuta, akalaumu unyevu wa ziwa, na alipomaliza vya kulaumu akaanza kulaumu panya, ambao walikuwa wameshahama. Ovaroli lilikuwa limelowa jasho mgongoni.

"Mulamwa," Wesonga akamwambia shemeji yake Felistus, kwa ile sauti ya upole ambayo mimi huiogopa kuliko matusi, "tusiharibu siku ya marehemu. Amejaribu. Vijana, leteni mti."

Felistus akapanda botini. Hakumtazama Wesonga. "Fundi, ule waya wa pili wa betri umeufunga wapi?"

"Kwa bodi. Nilishakwambia."

Felistus akainama, akapapasa chini ya kiti, akafuata waya mpya wa fundi kwa mkono mpaka mwisho wake. Osborn alikuwa ameukaza kwa bolti safi, mpya, kwenye ubavu wa boti.

"Hii ni mbao," Felistus akasema.

Akaugonga ubavu kwa vifundo vya vidole.

"Ni mvule. Ubavu wa Mzungu ulipooza, Patroba aliuchonga huu mwenyewe. Umeufunga moto kwenye mti, na hizo saa zako zote umezifunga kwenye ubao. Utarudi vipi?"

"Kwa lori..." Osborn akaanza.

"Lori ni chuma. Ndiyo maana nilikuuliza bodi ipi."

Yule mzee wa nyavu ndiye aliyecheka kwanza. Halafu wengine wote, midomo ile ile iliyomcheka Felistus.

"Nipe waya mnene ulio kwenye mkoba wako," Felistus akasema.

"Upi?"

"Nitafungua mkoba mbele ya watu?"

Akautoa. Felistus akamtuma binti yake mkubwa alete kamba ya nguo. Ikaletwa inaburutwa, na koti la Wesonga, ambalo Felistus mwenyewe alikuwa amemfulia kwa ajili ya siku hiyo, likaanguka mchangani na hakuna aliyeliokota. Kwa kisu changu cha vitunguu akakwangua ncha za waya mpaka zikang'aa. Ule mnene akaufunga kutoka betri hadi kwenye chuma cha injini. Zile nyembamba akazitoa kwenye injini akazipeleka nyuma ya dashibodi, mgongo wa saa ya kwanza, wa pili, wa tatu, kama mtu anayeshona shanga. Osborn alisimama kando ameshika bisibisi, na hakuna aliyemwambia aishike wala aiweke.

Felistus akageuza ufunguo. Taa nyekundu ikawaka. Injini ikakohoa, ikatema moshi wa mwaka mzima, ikashika. Mshale wa chaji ukapanda, wa mafuta ukapanda. Wale wanaume wawili wakauweka mti chini wenyewe, bila kuambiwa.

"Unaona, mama," Osborn akasema, "kazi yangu ilikuwa sawa, ilibaki tu athi."

"Ingia basi, fundi. Kaa hapo mbele. Utuambie tunakwenda spidi gani."

Akaingia, angefanya nini. Alikwenda Sigulu na kurudi ameketi mbele ya sahani yake, na waliokwenda walinisimulia kwamba kila baada ya muda mtu alimuuliza, "Fundi, ngapi sasa?" na mshale ulikuwa kwenye sifuri wakati wa kwenda na kwenye sifuri wakati wa kurudi.

Waliokwenda walinisimulia, kwa sababu mimi sikwenda. Nilikuwa nimeshajifunga leso, nimeshapanga nitakaa wapi, maana mimi siwezi kukosa safari yenye watu. Nikaweka mguu kwenye ukingo wa boti.

"Hakuna nafasi, Toto Asekenye," Felistus akasema, wala hakukasirika. "Lakini pale mliposimama juzi mkicheka, pana nafasi kubwa."

Boti likaondoka. Nikabaki ufuoni na Wesonga na mti wake.