Mkate wa Siku ya Mia

Jumapili ile Malsun aliamka akiwa bado yuko juu. Ndivyo alivyokuwa tangu aanze kuendesha kreni kwenye kiwanda cha meli. Mwili ulilala chumbani, roho ikabaki kwenye kile kibanda cha vioo, mita sabini hewani, ukungu umeimeza bandari nzima, na sauti ya msimamizi redioni ikimwambia, "Shusha, dada, polepole, polepole." Kule juu haoni mtu wala meli, anaona weupe tu. Na aliupenda weupe ule jamani, akaona haya kumwambia mtu.

Siku hiyo alikuwa anatimiza siku mia. Mjane wa miaka hamsini na minne, ishirini kati ya hiyo kaosha masufuria katika jiko la kiwanda hichohicho. Alipofaulu mtihani wa kreni hakuna aliyempa hata mkono. Mama yake, aliyekaa nyumba ya mwisho ya kichochoro chao, alimwambia, "Siku tatu hutamaliza," kisha akaendelea kumenya vitunguu saumu vyake.

Malsun akazihesabu siku kimyakimya. Zilipofika mia aliamka alfajiri, akapika kwa mvuke mkate mweupe wa mchele, ule anaopikiwa mtoto mchanga akitimiza siku mia, siku ambayo watu huanza kuamini kwamba huyu kaja kukaa. Akaukata vipande, akatoka na sahani, mlango baada ya mlango.

Hapo ndipo kizaazaa kilipoanza, maana mkate huo mtaani kwao una habari moja tu.

"Mama Soram," alisema Bi Hwaja muuza samaki, macho yamemtoka. "Kumbe binti yako kajifungua huko mjini? Na harusi mlituficha?"

"Soram hajajifungua."

"Sasa mtoto wa nani?"

Malsun alikuwa na maneno mazuri aliyoyapanga tangu alfajiri. Yote yakapotea. "Mtoto ni mimi," akasema. "Natimiza siku mia kwenye kreni."

Bi Hwaja akamtazama mvi, akautazama mkate. "Makubwa haya. Basi na nepi ukaanike." Alicheka mpaka akashika mlango. Lakini aliingia ndani, na sahani ikarudi na kikombe cha mchele, kwa sababu mtu mwenye adabu zake hairudishi sahani ya siku mia tupu. Huweka mchele, au fundo la uzi mweupe, maisha ya mtoto yarefuke.

Kufikia saa nne asubuhi kichochoro kizima kilikuwa kinacheka, na Malsun ana mafundo manne ya uzi mfukoni. Alicheka nao. Ila moyo haukuwa hapo. Sahani aliyoamkia alfajiri ilikuwa moja, ya mama yake, na ilikuwa bado mikononi mwake.

Yeye alikuwa msichana wa nne. Jina lenyewe la Malsun alilichagua bibi yake mzaa baba, jina la mwisho, wasichana wakome kuja. Siku zake mia zilipofika bibi alikataa mchele usagwe. Dada zake walikua wakimsimulia hadithi hiyo kama kichekesho, naye akazoea kuchekea pale wanapochekea wao.

Mama alikuwa kizingitini, anakata vichwa vya dagaa. Miaka themanini na mitatu, na masikio yote mawili mazima.

"Nimesikia," akasema. "Umetuaibisha mpaka sokoni."

"Onja tu, mama."

Mama aliichukua sahani, akaingia, akafunga mlango. Malsun akabaki kichochoroni. Ukungu ulikuwa umepanda kutoka bandarini na kufuta kuta, na kwa muda akajiona kama mzigo uliofungwa kwenye waya, haushuki wala haupandi, unangoja mtu aseme neno.

Mlango ukafunguka. Sahani ilikuwa imeoshwa, imefutwa, inang'aa. Tupu. Malsun aliipokea, na iliuma, tena iliuma vibaya. Akageuka aende zake.

"Unakwenda wapi? Nimekwambia nimemaliza?"

Mama alikuwa anapapasa mfuko wa sweta. Akatoa karatasi iliyokunjwa, akaifungua juu ya sahani. Ndani mlikuwa na fundo la uzi, rangi ya chai.

"Usiuvute, umeoza," alisema. "Niliununua wiki ya siku zako mia. Nilimficha bibi yako. Halafu mkate haukupikwa, na uzi bila sahani ningeuweka wapi?"

Malsun akaishika sahani kwa mikono miwili. Miaka hamsini na minne uzi ulikuwa unangoja sahani, na yeye alikuwa nyumba ya tano kutoka hapo. Akalia pale pale, mama akamwacha alie, akarudi kukata vichwa vya dagaa.

"Huko juu," mama akauliza baadaye, bila kuinua uso, "unaona nini?"

"Kukiwa na ukungu, weupe tu, mama. Dunia yote nyeupe."

"Na ni kuzuri?"

"Kuzuri sana."

Mama akaitikia kwa kichwa, akapangusa mikono kwenye sketi.

"Kile kipande kilikuwa kidogo," akasema. "Nenda kaniletee kingine."