Mafundo ya Kamba ya Kefa

Kule Mtinko, marehemu Kefa alikuwa akipima ng'ombe wake kwa kamba kabla ya kuwapeleka mnadani. Aliizungusha kifuani, akapiga fundo, mwezi ukiisha akapima tena ajue kama mnyama kanenepa. Kamba hiyo ndiyo mjane wake, Yunisi, aliyoishusha darini siku wifi yake Amne alipoambiwa ana uvimbe kwenye ini. Daktari alisema uvimbe ni mkubwa mno kukatwa. Ameze dawa miezi minne kwanza, ili uvimbe usinyae.

Kila Jumapili baada ya ibada Yunisi alimpima tumboni, akapiga fundo, akaomba. Mwanzoni mafundo yalibanana pamoja. Mwezi wa tatu yakaanza kusogea mbele. Wa nne ulipotimia tumbo lilikuwa limezidi vidole vinne, na Amne akasema haendi tena hospitali, dawa zimeshindwa, heri afie nyumbani. Yunisi akajilaumu, maana yeye ndiye aliyemwonyesha mafundo.

"Twende wakakuambie wenyewe," alimsihi. "Mimi nimejifunza kupima ng'ombe tu."

"Kwa hiyo ng'ombe ndiye mimi, wifi?"

Wakacheka, na kabla kicheko hakijaisha Yunisi alishabeba mkoba.

Hospitalini Amne alipigwa CT scan. Kisha daktari, mama wa makamo aitwaye Marietha, akawaita kwenye kompyuta. Aliwaeleza kuwa mashine inaonyesha tumbo vipande vipande, kama boga lililokatwa vyembamba. Yeye huchora mpaka wa uvimbe kwenye kila kipande, kompyuta inajumlisha. Mara ya kwanza ulifika lita moja na nusu. Sasa haufiki hata nusu lita. Alikuwa amepima na sehemu ya ini isiyo na uvimbe: uvimbe ukitolewa, litakalobaki linamtosha.

Yunisi hakuelewa. Akatoa kamba, akaonyesha mafundo. Daktari aliipokea kwa mikono miwili, akauliza mgonjwa anakulaje siku hizi.

Amne akainamisha uso. Tangu mwezi wa tatu ugali wa mtama ulikuwa unapita vizuri, na maziwa ya mgando, na nyongeza alikuwa anaomba.

"Basi mama, kamba yako haikukosea," daktari akasema. "Amenenepa."

Yunisi akamshukuru Mungu, midomo ikicheza tu.

Siku ya kwenda kulazwa kwa upasuaji, sanduku la Amne halikuwa na kitasa. Yunisi akaketi mlangoni, akafungua mafundo yote, moja baada ya jingine, kisha akalifunga kwa kamba ile.