Nimeona, Hongereni

Mimi sina ugomvi na mambo ya kisasa, msinielewe vibaya. Lakini Bwana Ofosuhene, mkuu wetu wa teknolojia hapa tawi la bima Kumasi, alituletea ule ukurasa mpya wa kazi mtandaoni kama vile ametuletea dini. Marufuku barua pepe, marufuku kumgongea mlango. Kila neno liandikwe pale, naye atajibu. Na kweli alijibu, hata dakika haiishi: "Nimeona. Hongereni, endeleeni hivyo hivyo." Nilipoomba ruhusa ya kumpeleka mwanangu hospitali nikapongezwa, nikacheka, nikajua bosi ana haraka. Makao makuu Accra waliona anavyojibu, wakamtaka awe mkuu wa teknolojia wa kampuni nzima.

Ijumaa ile wakubwa wakaja kumtazama kabla ya kumpa kiti. Yeye katinga shati la kitenge cha njano, linang'aa. Kuingia ukumbini, akatukuta sote tumevaa nyeusi na nyekundu.

Jamani, alifura. Akadhani tumegoma, maana nyekundu huvaliwa na wagomaji pia. Akatunong'oneza huku ameuma meno kwamba hatuna shukrani, kwamba tunamtilia mchanga kitumbua chake. Nikafungua mdomo nimweleze.

"Serwaa, una neno? Liandike kwenye ukurasa."

Haya. Shauri yake.

Wageni akawaambia wasijali, sisi ni waoga wa mambo mapya tu. Kuonyesha tulivyoupenda ukurasa wake, akaufungua kwenye skrini kubwa ukutani.

Juu kabisa lilikuwa tangazo la wiki iliyopita la Akyaa, katibu wake, rambirambi zetu zimejaa chini yake: "Bosi, baba amefariki leo. Alikuulizia mpaka mwisho. Kutimiza wiki moja ya msiba tutakutana kwetu Mampong, Ijumaa ijayo. Familia inaomba wewe ndiye umzungumzie."

Baba yake Akyaa ni Mzee Boadu, aliyempokea Ofosuhene kazini akiwa hajui hata kuwasha kompyuta, akamlaza nyumbani kwake na kumlisha fufu mpaka akasimama.

Na jibu la kwanza kabisa, pembeni picha ya Ofosuhene akitabasamu: "Nimeona. Hongereni, endeleeni hivyo hivyo."

Nilikuwa nimeshalisoma. Wiki nzima tulimwona mnyama, hatukutaka hata kumsalimia. Sasa nikamtazama usoni, midomo inamcheza, rangi imemtoka, nikaelewa. Hakuwahi kusoma. Hakusoma letu hata moja. Mashine ndiyo ilikuwa ikitujibu, yeye kaiwekea maneno yale kisha akaenda zake.

Akyaa alikuwa amesimama mlangoni, naye kavaa nyeusi na nyekundu ya msiba kama sisi, amekuja kutuchukua kwa basi.

"Akyaa," Ofosuhene akasema. "Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia, bosi. Ukanijibu."

Mama mmoja, mkubwa wa wageni wale, akauliza kama basini kuna nafasi. Wakashuka nasi wote. Habari ya kiti hakuna aliyeitaja tena. Ofosuhene tulimwacha palepale mbele ya skrini, na shati lake la njano.

Tulikuwa hatujatoka mjini simu zetu zikalia kwa pamoja. Ameandika kwenye ukurasa, safari hii kwa vidole vyake mwenyewe: "Akyaa, mdogo wangu, nisamehe. Nakuja."

Chini yake, hata dakika haijaisha: "Nimeona. Hongereni, endeleeni hivyo hivyo."

Akyaa aliyasoma yote mawili, akazima simu.