Gemu Kwenye Runinga ya Jirani

Mume wangu Lukasi hajawahi kukutana na gemu bovu akalipita. Wapigania uhuru wa Afrika Kusini walipofunga virago kambini kwao Mazimbu, hapa Morogoro, wenzake walikimbilia magodoro na majiko yaliyoachwa. Yeye alirudi Kihonda na katoni la magemu ya runinga yaliyokufa, akalishusha jikoni kwangu. Kidogo kidogo akayafufua. Mpira wa vitufe vya pedi, kile kidude cha kushika mkononi na kuchezea, ulipokwisha, alikata vipande vya kandambili, akavivika karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, na vitufe vikakubali. Kandambili zenyewe zilikuwa zangu.

Mwenzake katika upuuzi huo alikuwa jirani yetu Nasibu, fundi mitambo kiwandani. Nasibu ni Mnyamwezi, Lukasi ni Mluguru wa Mgeta, kwa hiyo ni watani, na walitukanana asubuhi na jioni bila kuchoka.

"Ninyi mguu mmoja mrefu kwa kuishi mlimani," Nasibu alikuwa akisema huku ameshika pedi.

"Babu yako alibeba pembe za ndovu za watu hadi pwani, akarudi bila hata dagaa," Lukasi alikuwa akimjibu.

Mimi kwetu Mahenge. Nilikaa pembeni, nikacheka hadi mboga ikaungua.

Kisha kiwanda kikauzwa. Mwenye mali mpya akapunguza watu, na Nasibu akawamo. Jioni hiyo Lukasi alikwenda kwake, akamshika mkono kwa mikono miwili, akamwambia, "Pole sana, kaka. Mungu atafungua njia." Hakumtania. Kesho yake pia hakumtania, alimsalimia taratibu kama anayeongea na mgonjwa. Niliona jinsi uso wa Nasibu ulivyosinyaa kila alipopewa pole, nikamwonya mume wangu. Nikamkumbusha kwamba watani hutaniana hata msibani, maiti ikiwa ndani. Akasema hili ni tofauti.

Nasibu akaacha kuja. Akajifungia ndani na runinga yake, hata barazani hakukaa tena. Na hapo ndipo mambo yalipokwama, maana mtani haombwi radhi. Ukimwomba radhi umekiri kwamba siku zote ulikuwa unamtukana kweli. Lukasi akawa anacheza peke yake, amenyong'onyea, pedi ya pili imelala mkekani. Mimi niliyekuwa nikilia na kelele zao kila siku, ukimya ule ulinitesa kuliko kelele.

Ili ajisahaulishe, Lukasi akatafuta kazi ya mikono. Gemu moja kuukuu lilikuwa linatoa picha yenye chenga, akalitengenezea busta ya kuipa picha nguvu. Katika kuunganisha nyaya, akaiunga na antena ya juu ya bati bila kufikiri. Picha ikang'aa, akaridhika.

Siku chache baadaye nilikwenda kwa mke wa Nasibu, Mama Abasi, kuazima kinu. Nilimkuta Nasibu mbele ya runinga. Badala ya taarifa ya habari, niliona kijitu chekundu cha lile gemu kuukuu la Lukasi kinakimbia, kinafika kwenye shimo, kinatumbukia. Busta ilikuwa inarusha gemu letu hewani kupitia antena, na runinga ya jirani inalidaka. Nasibu alikuwa ameuma kona ya mto ili asicheke.

"Shemeji, usimwambie," akaninong'oneza.

Sikumwambia. Nilirudi nyumbani nikamsihi Lukasi aendelee na gemu lile lile la mashimo, maana linapendeza. Akanitazama kwa mashaka, kwa kuwa sijawahi kusifu gemu lolote.

Kijitu kikatumbukia. Kikatumbukia tena. Mara sauti ikapenya ukutani: "Ruka mapema, Mluguru wewe."

Lukasi akaganda. Kabla hajauliza, Nasibu alikuwa mlangoni, miguu peku. "Milima yote ile kwenu hamna mashimo? Wiki nzima unaniharibia taarifa ya habari kwa kutumbukia pale pale."

Nikamweleza mume wangu habari za busta. Akainuka haraka, akaanza, "Samahani sana, kaka, pole kwa usumbufu..."

Uso wa Nasibu ukasinyaa vilevile, akageuka aondoke. Nilimkanyaga Lukasi mguu kwa nguvu zangu zote.

Lukasi akanigeukia, akaelewa. Akatazama mgongo wa rafiki yake, akasema, "Hivi, Mnyamwezi, taarifa ya habari unaikimbilia nini? Kesho unawahi zamu wapi?"

Nikajuta kumkanyaga. Nasibu alisimama pale pale mlangoni, mabega yakaanza kutikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akakaa sakafuni, akawa anajifuta macho kwa shati.

"Nilidhani nimekufa," akasema alipopata pumzi. "Kila mtu ananipa pole, na wewe mtani wangu umepanga foleni pamoja nao."

"Njoo ucheze," Lukasi akamwambia. "Huna pa kwenda."

Nasibu akashika pedi, akatumbukia kwenye shimo lile lile. Lukasi akamtukana yeye, babu yake, na kiwanda kilichomvumilia miaka yote ile. Mama Abasi akaja mbio akidhani wanapigana. Alipofika mlangoni akasimama, akamsikiliza mumewe akitukanwa, na machozi ya furaha yakamtoka.